Jino Halianzi Kuoza Likiwa Jeusi

Wagonjwa wangu wengi hunichunguza mdomo kabla sijachungulia wa kwao. Watu wazima wenye adabu hutazama pembeni. Watoto hawana habari hiyo, huuliza papo hapo: "Dokta, mbona na wewe meno yako yameoza?" Mama mtu anamfinya paja, mimi nacheka, kwa sababu swali lenyewe ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wakubwa. Meno yangu ya mbele yana michirizi ya kahawia na vishimo vidogo. Hayajaoza, na sijawahi kuziba hata moja. Nimezaliwa na kulelewa chini ya Mlima Meru, upande wa Maji ya Chai, na mtu yeyote aliyesoma shule ya bweni na watoto wa Arusha anajua ninachokisema.

Sasa hivi ni tabibu wa meno hapa Dar es Salaam. Kila wiki napokea watu wa aina mbili wanaonichosha akili. Wa kwanza ni kijana kutoka kwetu kaskazini, anataka meno yake "yaliyooza" yang'olewe awekewe ya bandia, na ukiyagusa ni magumu, mazima, hayana shida zaidi ya sura. Wa pili ni mtoto wa mjini mwenye meno meupe, mama anayasifia, na ukinyanyua mdomo wa juu unakuta yameshaanza kuharibika kwenye mstari wa fizi. Wote wawili wamehukumiwa kwa rangi. Tumezoea kwamba jino bovu ni jino jeusi, na jino la kupeleka hospitali ni jino linalouma. Kwa vipimo hivyo viwili tunafika tumechelewa karibu kila mara, kwa sababu enameli ikianza kuharibika haiumi, na huwa nyeupe.

Enameli ndilo gamba la nje la jino, lile unaloliona ukicheka. Kwa uzito, karibu asilimia 96 yake ni madini, na mwilini hakuna kitu kigumu kuliko hicho, hata mfupa haufiki. Ila ina udhaifu mmoja mkubwa. Seli zinazoijenga hufa jino linapoota. Mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikichanika inafunga, enameli ikimeguka ndiyo imemeguka. Kwenye ncha za magego ya mtu mzima unene wake unafika kama milimita 2.5. Kwenye meno ya utoto ni karibu nusu ya hapo, ndiyo maana jino la mtoto likianza kutoboka linakwenda mbio.

Jambo lingine ambalo wazazi hushangaa nikiwaambia ni lini kazi hiyo ya ujenzi hufanyika. Gego la kwanza la kudumu, lile linaloota nyuma kabisa mtoto akiwa na miaka 6 hivi bila jino lolote kung'oka kulipisha, huanza kujengwa wakati mtoto anazaliwa. Meno ya mbele ya kudumu huanza kujengwa akiwa na miezi mitatu, minne. Akifika miaka 7 au 8, taji za meno yote ya kudumu zimekwisha kukamilika ndani ya taya, ukiacha magego ya mwisho kabisa. Kwa hiyo alichokunywa na magonjwa aliyougua katika miaka hiyo huandikwa kwenye meno ambayo hata hayajaonekana.

Kwetu Meru kilichoandika ni maji. Miamba ya volkano imejaa madini ya floraidi, na maji yakipita humo huyabeba. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Mto Maji ya Chai huwa na zaidi ya 10, na maziwa ya Momella pale juu yana mamia. Si Meru peke yake, Bonde la Ufa lote lina habari hii, na ukivuka Kenya utayakuta meno kama yangu Nakuru, Naivasha na Gilgil. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Hakuna aliyeamini kwamba 8 ni salama kwa meno. Vijiji vingi havikuwa na maji mengine, na mtu hawezi kukaa na kiu akisubiri kiwango. Baadaye kikashushwa hadi 4, na tangu 2018 kiwango cha taifa ni 1.5.

Bibi yangu alikuwa akichemsha maji ya kunywa kwa bidii kweli. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa hilo alitukinga na mengi. Floraidi lakini haichemki ikaondoka. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki ileile na ukolezi unapanda kidogo. Halafu kuna magadi. Kwetu makande na maharage huwekwa magadi yaive haraka, na baadhi ya magadi ya kaskazini yana floraidi nyingi yenyewe. Ndiyo sababu ya kukuta familia inayokunywa maji yenye floraidi kidogo, milimani Kilimanjaro, na bado watoto wana madoa. Watu wa kituo cha utafiti cha Ngurdoto wamefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, mifupa ya ng'ombe inayochomwa kwa namna maalumu na kusagwa. Njia hiyo inafanya kazi. Wapo wanaosita wakisikia mifupa, wakauliza ya mnyama gani, na ni swali la haki, lijibiwe. Maji ya mvua nayo yana floraidi kidogo mno. Kama una mtoto wa chini ya miaka 8 na unaishi huko, tenga maji ya mvua au yaliyochujwa kwa ajili yake kwanza, wakubwa wanywe yaliyobaki. Sisi ambao meno yetu yamekwisha kuota hayatuongezei doa tena. Floraidi nyingi ikinywewa kwa miaka mingi huathiri mifupa pia, lakini hiyo ni makala nyingine.

Jino la floraidi huwa halioti likiwa la kahawia. Huota jeupe, weupe wa chaki, halina mng'ao. Floraidi iliyozidi iliingilia ujenzi, enameli ikabaki na vitundu vidogo visivyoonekana, na rangi ya chakula na chai huingia humo miaka inavyokwenda. Ndiyo maana mtoto wa Meru mwenye miaka 7 ana meno meupe kupita kiasi na kaka yake mwenye miaka 15 ana ya kahawia, watu wakadhani mkubwa hapigi mswaki.

Mtu wa kwanza kulifuatilia jambo hili kwa ukaidi hakuwa wa huku. Mwaka 1901 Frederick McKay, daktari kijana wa meno, alifungua kliniki Colorado Springs huko Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia ambayo hakuna kitabu kilichoyaeleza. Alihangaika nalo kwa miongo mitatu. Jibu likapatikana mwaka 1931, mkemia wa kampuni ya alumini, H. V. Churchill, alipopima maji na kukuta floraidi nyingi. Ila kabla ya jibu hilo McKay alikuwa amekwisha ona kitu kinachonifurahisha kila nikisoma habari zake: kwamba meno yale mabaya kwa sura yalikuwa hayaozi kirahisi. Kutoka hapo ndipo ikaja hoja ya floraidi kidogo, ya kiasi, kuwa kinga, na ndiyo hiyo imo kwenye dawa ya meno uliyonayo bafuni.

Nirudi mjini. Mama mmoja alimleta mtoto wa darasa la pili kung'oa gego lililokuwa limemkesheza usiku mzima. Alikuwa amempakata mdogo wake, wa mwaka na nusu hivi, anang'ang'ania kunivua barakoa. Bibi yao alikuwa pia, amekaa pembeni na mkoba. Nilipomaliza na mkubwa nikasema, hebu na huyu tumwone.

"Huyu mzima, dokta, meno yake meupe peee," mama akasema.

Mtoto wa umri huo haketi kwenye kiti. Tulikaa mimi na mama, magoti kwa magoti, mtoto amemkumbatia mama kwa miguu na kichwa chake kimelala mapajani kwangu. Akilia ndiyo vizuri, mdomo umefunguka wenyewe. Nikanyanyua mdomo wa juu kwa kidole, nikafuta meno manne ya mbele kwa kipande cha shashi, nikasubiri kidogo yakauke. Palepale, milimita moja kutoka kwenye fizi, ukatokea mstari mweupe, umefuata umbo la fizi kama ulivyo kutoka jino moja hadi la pili.

"Naona meupe tu."

"Ndiyo, mama. Meupe kuliko jino lenyewe."

Bibi akasogea akatazama. "Si maji ya Arusha hayo? Baba yake mtu wa huko."

Nikamwambia, bibi, maji ya Arusha hayarithiwi. Mtoto amezaliwa Temeke. Nikauliza analala na nini. Chupa. Ya nini? Chai ya maziwa, sukari kidogo, bila hiyo halali. Nikashusha mdomo wa chini, na meno ya chini yalikuwa mazima kabisa. Hiyo ndiyo sahihi ya chupa ya usiku: meno ya juu mbele yanaharibika, ya chini yanapona, kwa sababu ulimi wa mtoto anayenyonya huyafunika na mate humwagikia hapohapo chini yake.

Kinachotokea ni hiki. Juu ya jino kuna ukoga, ule utando laini unaoukwangua kwa ukucha asubuhi. Ndani ya ukoga wamo bakteria wanaokula sukari na kutoa tindikali. Kipimo cha tindikali, ile pH, ambayo namba yake ikishuka ndivyo tindikali inavyozidi ukali, kikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya enameli huanza kuyeyuka na kutoka. Mate yanakuja, yanazimua tindikali, yanarudisha madini, na baada ya nusu saa hadi saa moja mambo yametulia. Ukila mara tatu kwa siku jino linashuka na kupanda na halipotezi kitu cha maana. Ukila kidogokidogo mchana kutwa, au ukilala na chupa mdomoni wakati mate karibu yamesimama, muda wa kurudisha haupo.

Madini hayo hayatoki juu kwanza. Sehemu ya juu kabisa ya enameli hubaki imesimama huku chini yake panapungua na kubaki na vitundu. Ndiyo maana doa la mwanzo ni jeupe na ni zima ukiligusa, hakuna shimo. Na ndiyo maana nilikausha jino kabla ya kumwonyesha mama. Kitambaa chembamba cheupe kikilowa huonyesha kilicho ndani, kikikauka hurudi kuwa cheupe kisichopenya macho. Maji yamejaa nafasi zilizokuwa na hewa, na mwanga unapita. Enameli yenye vitundu hufanya vivyo hivyo. Ikilowa mate haionekani, ikikauka inatangaza. Doa linalohitaji kukaushwa ndipo lionekane ni la mapema kabisa. Linaloonekana hata mate yakiwapo limekwisha kuzama zaidi.

Hapa nawaomba wazazi kitu kimoja, na nakisema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona matokeo yake: usilichokonoe doa jeupe. Si kwa njiti, si kwa pini, si kwa ukucha. Lile gamba la juu lililosimama ndilo linaloruhusu jino kurudi. Ukilitoboa umetengeneza shimo ambalo halikuwapo.

Sasa utatofautishaje doa hili na langu? Angalia mahali kwanza. Uozo unaoanza hukaa pale ukoga unapojificha: kando ya fizi, kwenye mifereji ya magego, katikati ya jino na jino. Mtu aliyevaa waya za kunyoosha meno hupata miraba myeupe kuzunguka vibati. Alama za floraidi hazifuati ukoga. Hutapakaa jino zima, mara nyingi ni mistari myembamba ya kulala au mawingu yasiyo na mpaka, na ncha za meno ndizo hutangulia kuwa nyeupe. Tena huja kwa jozi. Jino la kulia likiwa na doa, mwenzake wa kushoto analo karibu sawasawa, kwa kuwa yalijengwa wakati mmoja kwa maji yaleyale. Ukiona doa kwenye jino moja tu la kudumu na mwenzake ni mzima, uliza historia: huenda jino la utoto lililokuwa juu yake liliwahi kuoza hadi kutunga usaha, au mtoto alianguka akalisukuma ndani, na jino lililokuwa linajengwa chini likajeruhiwa.

Ipo na aina moja ambayo wengi hawaijui, na mimi naiona zaidi kadiri ninavyoitafuta. Mtoto wa miaka 6 au 7 anaotesha gego la kwanza la kudumu, na gego linatoka likiwa na kiraka cha rangi ya krimu, manjano au kahawia chenye mpaka wazi kabisa. Wakati mwingine meno ya mbele yana kiraka kama hicho. Si lazima yawe jozi. Gego hilo enameli yake ni laini, linameguka mapema, maji baridi yanalichoma, mtoto anaanza kukwepa kupiga mswaki upande ule na mzazi anamgombeza kwa uvivu. Sababu zake bado hazijafungwa kwenye jambo moja, ingawa magonjwa ya utotoni yanatajwa. Mtoto akilalamika jino jipya linauma, mwamini, mlete.

Kisha angalia mng'ao. Doa la uozo lililo hai limefifia, na ukipitisha chombo kwa upole lina mkwaruzo. Likishatulia, pengine kwa miezi ya kupigwa mswaki vizuri, huwa laini na kung'aa, hata kama weupe wake haukuisha, au limegeuka la kahawia na kubaki hivyo miaka bila kuendelea. Mtu mzima mwenye doa la kahawia linalong'aa kwenye ubavu wa gego asikimbilie kuziba. Hilo ni kovu.

Tindikali nyingine haihitaji bakteria hata mmoja, unaimimina mwenyewe. Kila aliyekula embe bichi kwa chumvi na pilipili anajua meno kuingia ganzi. Ndimu, ukwaju, ubuyu, soda, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila kijiwe, vyote viko chini sana ya ile 5.5. Soda za kola zipo karibu na 2.5, maji ya ndimu hivyohivyo. Ganzi ikija mara moja kwa msimu wa embe haina neno. Ganzi inayokuja kwa maji ya kawaida ya friji, kila siku, ni enameli inayopungua.

Ukiwa na jino la namna hii, mng'ao unageuka kuwa habari mbaya. Jino linalolika kwa tindikali huwa laini na linang'aa kupita kiasi, ile mistari midogo ya asili ya kulala juu yake imefutika. Ncha za meno ya mbele zinaanza kupitisha mwanga, zina rangi ya kijivu-buluu. Katikati ya jino panakuwa njano, kwa sababu kilichopo chini ya enameli ni cha njano na sasa kinaonekana. Hapo ndipo watu huja wakitaka kung'arishwa meno, na wanachohitaji ni kuacha kuyayeyusha. Kwenye magego, ncha zinapata vijishimo vya mviringo, na jino lililowahi kuzibwa, ile ziba inabaki imejitokeza juu kuliko jino.

Mfano wangu wa kudumu ni ubuyu wa rangi, ule mwekundu wa kifukoni, ambao mimi mwenyewe naupenda. Unga wa ubuyu una ukali wake, umepikwa na sukari, na haukuumbwa kutafunwa haraka. Mtoto anaumung'unya punje moja moja kutoka mapumziko ya saa nne mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Tindikali ya tunda na tindikali ya sukari zimekutana, kwa saa kadhaa. Fuko hilohilo likiliwa baada ya wali wa mchana likaisha, likafuatiwa na maji, hasara ni ndogo sana. Vivyo hivyo na dereva wa bodaboda anayekunywa chupa moja ya kinywaji cha nguvu tangu alfajiri hadi saa tano, funda moja kila abiria. Anasema, "Mimi nakunywa moja tu kwa siku." Ni kweli, moja, ila jino lake limekaa ndani ya tindikali asubuhi nzima.

Tindikali huja pia kutoka tumboni. Kiungulia cha muda mrefu na matapishi ya ujauzito hula upande wa ndani wa meno ya juu ya mbele, ule unaoguswa na ulimi. Kioo hakikuonyeshi, lakini ulimi utakwambia pamekuwa laini na pamezama. Mama mjamzito akitapika asikimbilie mswaki. Asukutue kwa maji, apumzike nusu saa hadi saa moja, ndipo apige mswaki. Enameli iliyotoka kuloweshwa tindikali huwa imelainika na mswaki unaikwangua. Na kama ana hamu ya kula pemba, ule udongo wa sokoni, ajue pia kwamba chembe zake zinasaga meno.

Nilikuwa nimejiahidi kutoandika juu ya mkaa. Basi kwa kifupi: mkaa na majivu hung'arisha jino kwa kulikwangua. Ndimu na magadi soda ya kuokea, ambayo kila wiki mtu ananionyesha kwenye simu, inafanya kitu kibaya zaidi, kwanza inalainisha kisha inasugua. Wiki ya kwanza meno yanang'aa. Mwaka wa pili yanakuwa ya njano na yanachoma, na mtu anaongeza ndimu.

Kuna uharibifu mwingine unaonipa hasira ya kweli. Mtoto mchanga ana homa na kuhara, fizi zimevimba mahali chonge zitakapoota, na mtu anasema ana meno ya plastiki. Anapelekwa kwa mtaalamu wa mtaani, fizi inachanwa na lile jino changa, jeupe, laini, linachimbuliwa. Mtoto anavuja damu, anaweza kupata maambukizi na kufa, na homa yake ya asili haijatibiwa. Akipona, miaka 10 baadaye chonge ya kudumu inatoka ikiwa na mashimo na enameli ya mabakamabaka, au haitoki kabisa. Uganda wanaita ebiino, na hadithi ni ileile. Hakuna meno ya plastiki. Jino changa la mtoto wa miezi mitano ni laini na jeupe kwa sababu bado linajengwa. Anayehara apewe ORS na apelekwe zahanati.

Yule mtoto wa Temeke sikumtoboa wala kumziba. Doa jeupe lisilo na shimo halizibwi. Tulikubaliana na mama chupa ya usiku iwe na maji matupu, na kwa kuwa ukiikata ghafla nyumba nzima haitalala, chai izimuliwe kila siku kidogo mpaka ibaki maji. Asubuhi na usiku apigwe mswaki na mama mwenyewe, dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6 ni kiasi cha punje ya njegere. Soma pembeni mwa boksi, tafuta floraidi kati ya sehemu 1000 na 1500 kwa milioni, huandikwa ppm. Zinauzwa dawa za mitishamba zisizo nayo kabisa, kwa bei ya juu. Mswaki wa usiku ndio wa muhimu kuliko wote, na baada yake ni kutema tu. Ukisukutua kwa maji mengi umeimwaga dawa yote.

Watu wa kwetu wakisikia hili hushtuka: floraidi ileile iliyotuharibu? Ndiyo, ileile. Iliyotuharibu tuliimeza kwa lita, miaka enameli ilipokuwa inajengwa. Hii inapakwa juu ya jino lililokwisha kuota, inakaa kwenye ukoga na mate, na madini yanaporudi inajenga enameli ngumu zaidi kwa tindikali. Mtoto wa Meru naye aipate, kidogo, na asimamiwe ateme.

Ukimpeleka mtoto kliniki, omba jino likaushwe kabla ya kuangaliwa. Uliza kama wana ile dawa ya floraidi ya kupaka, inayokauka juu ya jino kwa dakika chache na kurudiwa kila miezi mitatu hadi sita. Kama shimo dogo limekwisha kuanza kwenye jino la utoto, pale inapopatikana kuna dawa ya floraidi yenye madini ya fedha, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Inasimamisha uozo bila sindano wala mashine. Inageuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi kabisa, moja kwa moja, na wazazi wengi wakiona weusi ule huniambia bora ling'olewe. Kwa hiyo siku hizi naanza na picha. Namwonyesha mama jino litakavyokuwa, namwambia la mbele litang'oka lenyewe akifika darasa la kwanza au la pili, namwacha aende akazungumze na baba yake mtoto. Wengine hawarudi. Wanaorudi, wengi huja wamekubali meno ya nyuma tu.